Usiifute Hiyo Mistari: Niliyojifunza Nikipanga Michoro ya Mzee

Mzee alikuwa mwalimu wa uchoraji na baba wa rafiki yangu. Alipofariki aliacha majalada yaliyojaa michoro ya penseli, mengine yamefungwa kwa kamba za viatu, mengine yamepasuka pembeni kwa kujazwa kupita kiasi. Familia ilitaka mambo mawili: nakala za kompyuta ili watoto wake, ambao wametawanyika, kila mmoja apate zake, na maonyesho madogo ya kumkumbuka. Mimi si mchoraji. Ninafanya kazi ya kutunza kumbukumbu za ofisi, na nadhani ndiyo sababu nilifuatwa: anayejua kupanga mafaili atashindwaje kupanga michoro?

Naandika haya kwa ajili ya yeyote atakayeachiwa jalada la namna hiyo, na pia kwa yule anayesimama mbele ya mchoro wa penseli uliojaa mistari inayopishana asijue aangalie nini. Mimi nilikuwa wa aina zote mbili kwa wakati mmoja.

Nilianza kama ninavyoanza na mafaili, yaani kutenganisha. Upande mmoja niliweka michoro iliyokamilika: nyuso zilizotiwa vivuli hadi mwisho, mistari iliyotulia, karatasi safi. Upande wa pili nikarundika ile ya harakaharaka, ambako mtu ana migongo mitatu, kiti kina miguu inayoonekana kupita ndani ya mwili wa aliyekikalia, na mahali pa kichwa pana duara tupu lenye msalaba. Fungu hili la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza mara nyingi. Nilikuwa natafuta boksi la kulifungia Mama, mjane wa Mzee, alipoingia. Akachukua karatasi iliyokuwa juu kabisa, akaisogeza dirishani.

“Hapa alianzia mgongoni,” akasema. “Halafu huyu mtu akajisogeza.”

“Umejuaje, Mama?”

“Si unaona mwenyewe, mwanangu? Mgongo wa kwanza huu hapa, mwembamba. Ukaja huu. Mguu hakuuhangaikia kabisa, alijua mtu anainuka sasa hivi.”

Sikuona. Nilikubali kwa adabu tu. Mama hajawahi kushika penseli kwa nia ya kuchora, lakini alikaa kando ya Mzee miaka mingi akiitazama mistari ikitokea mmoja baada ya mwingine, na kwake karatasi ile haikuwa picha. Ilikuwa mfuatano wa matukio, na aliweza kuusimulia kuanzia mwanzo. Nilirudisha boksi nilikolitoa.

Mchoro huo nitaueleza kwa urefu kwa sababu ndio ulionifundisha mengi. Ni mwanamume aliyeinama kufunga kamba za kiatu. Ukiutupia jicho mara moja ni vurugu. Lakini mistari ile haina uzito sawa, na hapo ndipo pa kuanzia: tafuta iliyo hafifu kuliko yote. Katika karatasi hii kuna mkunjo mmoja mrefu unaotoka kisogoni hadi kisiginoni, umepigwa kwa mkono mmoja bila kusimama, hauna nguo wala misuli. Kuna mstari ulionyooka wima unaoshuka kutoka sikioni hadi ardhini. Kuna yai lenye msalaba, ambalo ndilo kichwa. Msalaba unaonyesha uso umeelekea wapi. Hakuna binadamu mwenye mstari kutoka sikioni hadi chini. Mstari ule hauchori kitu, unapima: sikio liko juu ya kidole gumba cha mguu au limepita mbele yake? Ukijua hilo tu, umejua uzito wa mwili umeegemea wapi na kama mtu huyo ataanguka au hataanguka.

Juu ya mistari hiyo ndipo inapokuja migongo mitatu. Wa kwanza umenyooka mno. Wa pili umepinda mno. Wa tatu uko katikati ya hiyo miwili, mweusi zaidi, na umekatika kidogo kwenye bega kisha ukaendelea. Nilikuwa nimeiona ile miwili kama makosa ambayo Mzee hakupata nafasi ya kuyafuta. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuifuta kwa sababu alikuwa anaihitaji. Anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango haondoi mkono pale alipokosa. Anauacha hapo ili ajue amekwisha kufika wapi, kisha anasogeza mkono wa pili. Ukiufuta mstari uliokosea unabaki na karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe haikuambii ulikosea upande gani. Ukiuacha, unajua: zaidi ya hapa, pungufu ya pale.

Tabaka la mwisho ni weusi, nao ni mchache kuliko nilivyodhani. Chini ya kwapa. Pale shati linapojikunja kiunoni. Pale vidole vinapokutana na kamba. Chini ya soli. Mahali penseli ilipokandamizwa ni mahali mchoraji alipoamua, na ukiyafuata maeneo hayo meusi tu unapata hadithi fupi ya kile alichokiona kuwa muhimu. Mkono unaofunga kamba umepitiwa mara nyingi hadi karatasi inang’aa. Mguu wa nyuma una mistari miwili basi. Zamani ningesema mguu ule haujamalizika. Sasa naona kwamba macho yake hayakwenda huko, na mchoro umesema ukweli kuhusu hilo.

Kuna mambo mengine madogo ambayo jicho huyazoea upesi. Mstari wa haraka huanza mzito na kuishia mwembamba, kwa sababu mkono unainuka huku bado unakwenda. Mstari wa polepole una unene mmoja na mtetemo mdogo ndani yake. Ukiona mstari umeishia kwenye nukta nyeusi, hapo mchoraji alisimama na kuinua macho kumtazama anayemchora, ncha ikabaki imegusa karatasi.

Kisha chukua tochi. Zima taa za chumba, laza tochi ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite juu yake kwa kuambaa, usiimulike kutoka juu. Penseli huacha vitu viwili: unga wa grafiti, yaani ile nyeusi ya ndani ya penseli, na mfereji. Raba inaondoa unga, mfereji haiuondoi. Kwa njia hii nilikuta, chini ya mchoro wa mwanamke anayesoma, mtu mwingine mzima aliyefutwa, amesimama, mikono nyuma. Hakuna aliyejua alikuwepo. Mchoraji wa Marekani Robert Rauschenberg alijaribu jambo hili kwa makusudi mwaka 1953: alimwomba mchoraji mwenzake Willem de Kooning mchoro, akapewa, akaufuta wote kwa juhudi kubwa na kuionyesha karatasi iliyobaki kama kazi yake. Mwaka 2010 jumba la makumbusho la San Francisco linaloihifadhi liliipiga picha kwa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, na kuishughulikia kwa kompyuta, na michoro ya de Kooning ikajitokeza tena, hafifu lakini ipo.

Inasaidia pia kuijua penseli yenyewe. Grafiti nzuri ilipatikana Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 16, na watu walidhani ni aina ya madini ya risasi. Penseli tunayoitumia leo ilizaliwa kwa shida ya vita: Ufaransa ilipokuwa ikipigana na Uingereza na kukosa grafiti hiyo, Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, akauoka, akapata hati ya ugunduzi mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari unapauka. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ya herufi H na B zilizopigwa kwenye ubavu wa penseli. Mzee alikuwa na tabia ya kuanza na ngumu na kumalizia na laini. Nilipolijua hilo niliacha kubahatisha: mistari ya mwanzo ni ya kijivu na ina mfereji mkali, ya mwisho ni myeusi na inachafua kidole. Kwa mchoraji anayetumia penseli moja tu mwanzo hadi mwisho, itakubidi utegemee nguvu ya mkono.

Na mkono wenyewe unaonekana. Mzee alitumia mkono wa kushoto, na mistari yake ya vivuli inateremka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, kama ilivyo kwa mchoraji wa kale wa Italia, Leonardo da Vinci, ambaye naye alikuwa wa kushoto. Mtu wa mkono wa kulia kwa kawaida huilaza kinyume chake. Nilifurahi mno kugundua hili, nikalitumia kutenganisha karatasi ambazo nilidhani ni za wanafunzi wake. Mama akacheka. “Huyo alikuwa anaizungusha karatasi kama usukani,” akasema, na karibu zote zikarudi kwenye jalada. Kwa hiyo mwelekeo wa vivuli ni dokezo zuri, lakini usiufanye kuwa hakimu.

Kusoma kwa macho kulinifikisha mahali nikakwama. Kilichonikwamua ni kunakili, na namaanisha kunakili kwa mpangilio. Usijaribu kutoa kitu kinachofanana na mchoro. Chukua karatasi yoyote, anza na ule mstari hafifu kuliko yote, uweke wote kwa mkupuo mmoja, kisha unaofuata, na ukifika kwenye mgongo uliokosewa nawe uukosee vilevile, na usiufute. Hakuna haja ya kipaji. Nakala zangu zilikuwa za kuchekesha. Lakini mwili ulielewa mambo ambayo macho yalikuwa yanayapita. Ule mkunjo wa kwanza, kwa mfano, hauwezi kupigwa kwa kiwiko kilichokaa mezani. Ni mrefu mno, lazima utoke begani. Maana yake Mzee alikuwa amesimama, au karatasi ilikuwa wima mbele yake. Vidole vile vinne vilivyopishana haviwezekani bila kuisogeza karatasi karibu na kubana penseli chini kabisa. Kati ya mkunjo na vidole alibadilisha mkao. Yote hayo yako pale kwenye karatasi, ila bila kuyafanya nisingeyaona.

Kunakili kulinichosha kuliko nilivyotarajia, na si uchovu wa mkono. Kila mstari ulikuwa unaniuliza kwa nini uko hapo, na mara nyingi sikuwa na jibu. Kama una ratiba ya kufuata, weka muda wa ziada kwa kazi hii, halafu uuongeze tena. Mimi nilitumia siku zangu za mapumziko karibu zote, na rafiki yangu akaanza kuuliza kwa upole kama kuna tatizo.

Swali kwamba mistari ya kutafuta ionekane au ifichwe ni la zamani sana. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba picha ambazo wachoraji wakubwa walikufa kabla hawajazimaliza zilipendwa kuliko zilizomalizika, kwa sababu ndani yake zilibaki chora za mwanzo na fikra zenyewe za mchoraji zikaonekana. Kwa upande mwingine yupo Michelangelo, mchongaji na mchoraji wa Italia. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii aliyemfahamu, ameandika kwamba karibu na kufa kwake mwaka 1564 Michelangelo alichoma michoro yake mingi ili watu wasije wakaona taabu aliyoipitia, asije akaonekana pungufu. Naelewa hofu yake. Hata hivyo wahenga walisema mficha uchi hazai, na kila ninapofikiria moto ule nafikiria wanafunzi wangapi wangejifunza kutokana na migongo mitatu ya Michelangelo. Mchoraji wa Ufaransa Henri Matisse alikwenda njia ya tatu: mwaka 1935, akiwa anachora mwanamke aliyelala, aliagiza kazi ipigwe picha kadiri ilivyobadilika, zikapatikana picha 22 za hatua tofauti. Zile picha zinaonyesha jambo ambalo penseli inaonyesha bila kamera: mwili mmoja ukitafutwa mara nyingi hadi ukae mahali pake.

Nikiwa katika hali hiyo ya kuipenda kila chora, nilitaka maonyesho yote yawe ya fungu la pili. Mama alinirudisha ardhini. Aliweka karatasi mbili kando kando, zote zimejaa mistari, akaniuliza ipi ni ya kazi na ipi Mzee alikuwa anaongea na simu. Nilikosea.

Jibu lake lilinifaa kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma. Mistari ya kutafuta inahama. Kila mmoja uko mahali tofauti na uliotangulia kwa sababu mchoraji ametazama tena na kupata habari mpya. Mistari ya mazoea inajirudia palepale, mifupimifupi, kama manyoya kwenye ukingo wa kitu kimoja, na ukiihesabu kumi inasema jambo lile lile moja. Mchongaji na mchoraji Alberto Giacometti alirundika mistari ya penseli hadi uso unakaribia kupotea, tena akaitumia raba kama penseli ya pili, akikata njia za mwanga katikati ya grafiti. Lakini fuata mstari wowote wa Giacometti na utaona unapima umbali fulani, kutoka pua hadi sikio, kutoka kidevu hadi ukingo wa karatasi. Ulegevu peke yake si sifa. Na nimeshaona, tangu nianze kutazama hivi, michoro iliyopambwa mistari ya kujengea baada ya kazi kwisha, ili ionekane ya kisanii. Utaitambua: ile mistari inayopaswa kuwa chini imekaa juu ya weusi, na haielekezi popote.

Sasa mambo ya mikono, ambayo yalitugharimu zaidi.

Skana ndiyo iliyotuumiza kwanza. Programu nyingi za skana huja zimewashwa kitu cha kusahihisha picha zenyewe: nyeupe iwe nyeupe zaidi, nyeusi iwe nyeusi zaidi. Kwa barua ya ofisi ni jambo jema. Kwa mchoro wa penseli ni raba. Nakala za kwanza zilipendeza kweli, safi, zenye nguvu, na hazikuwa na ule mkunjo wa kwanza wala mstari wa kupimia. Mgongo mmoja tu ulibaki. Mashine ilikuwa imefanya kile kile nilichotaka kufanya na boksi. Zima masahihisho yote, skani kwa rangi hata kama mchoro ni wa kijivu, kwa nukta 600 kila inchi, na uhifadhi nakala moja ambayo hakuna mtu ataigusa. Unayetaka kuiongezea weusi kwa ajili ya kuchapisha, fanya hivyo kwenye nakala ya nakala, na ulinganishe na karatasi halisi huku ukitafuta mstari mmoja hafifu uliouchagua mapema. Mstari huo ukipotea, umezidisha. Sehemu zilizokolea grafiti laini zinaweza kung’aa kwenye skana na kutoka za kijivu. Kwa hizo, kamera na mwanga wa upande vilitupa matokeo bora.

La pili liliniuma zaidi. Karatasi kadhaa zilikwenda kwa fundi wa fremu kabla sijajua cha kumwambia. Ni fundi hodari, kazi yake imenyooka. Aliona pembezoni mmejaa alama za penseli, vijisanduku, majaribio ya ncha, kichwa kidogo kilichochorwa pembeni mwa kichwa kikubwa, akazikata ili mchoro ukae vizuri katikati. Vile vijisanduku vilikuwa majaribio ya mpangilio: Mzee alikuwa anajaribu mtu akae wapi ndani ya karatasi kabla hajaanza. Vipande vilishatupwa. Rafiki yangu alikasirika, kisha akanyamaza, na sikujua kipi kati ya hivyo viwili ni kibaya zaidi. Mwambie fundi kwa maandishi: karatasi nzima ionekane na kingo zake zote, isikatwe, isigundishwe kwa gundi wala selotepu, na kioo kisigusane na grafiti. Kadibodi ya kuzunguka mchoro ndiyo inayoacha nafasi hiyo, na iwe isiyo na asidi, la sivyo itaigeuza karatasi rangi ya hudhurungi. Grafiti yenyewe ni kaboni, mwanga hauipaushi. Inayozeeka ni karatasi.

Usisafishe. Alama ya kidole gumba cha mchoraji pembeni ni habari pia, ingawa sitamlaumu anayebisha. Dawa ya kupulizia ili penseli isifutike nayo ina mjadala wake: inazuia kuchafuka, lakini haitoki tena, na baadhi hubadilisha rangi ya karatasi. Mchoraji Vincent van Gogh alimimina maziwa juu ya michoro yake ya penseli ya seremala ili kuipunguzia mng’ao, na akamwandikia ndugu yake kuhusu hilo, lakini ile ilikuwa michoro yake mwenyewe. Kwa karatasi za mtu aliyekwisha kufa, sisi tuliamua kutopulizia chochote. Tuliweka karatasi nyembamba isiyo na asidi katikati ya kila michoro miwili, tukaacha mifuko ya nailoni, ambayo umeme wake tuli huvuta unga, na tukalaza kila kitu badala ya kukisimamisha. Tazama pia nyuma ya kila karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Mama ndiye aliyegeuza ile ya mtu wa kamba za kiatu. Nyuma kulikuwa na mguu peke yake, umechorwa kwa utulivu kabisa. Kumbe aliurudia.

Jalada la mwisho sikuwa nimejiandaa kwalo. Ni la miaka ambayo mkono wa Mzee ulikuwa umeanza kutetemeka. Mistari mifupi imekuwa na meno. Lakini ile mirefu, inayotoka begani, bado imetulia, na kadiri karatasi zinavyosonga mbele unaona anaacha mifupi na kuhamia kwenye mirefu. Nyuso zinatoweka, miili inabaki, mikunjo mikubwa minne au mitano kwa mtu mzima. Alikuwa anapanga upya kazi yake kulingana na kile ambacho mkono ulikuwa bado unaweza. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani, Mama alisema, ila alianza kununua karatasi kubwa zaidi. Rafiki yangu hakutaka jalada hilo lionyeshwe. Alisema watu watamwona baba yake amechoka. Tulibishana, na mwishowe Mama akachagua karatasi tatu kutoka humo na mjadala ukaishia hapo.

Kwenye maonyesho tuliweka michoro chini ya usawa wa macho kidogo, ili mtu ainame, na mwanga tuliutoa upande mmoja badala ya juu. Tuliweka kioo cha kukuzia kwenye kamba. Michoro iliyokamilika tuliichanganya na ile mingine badala ya kuipa ukuta wake, na mara mbili tuliweka mchoro uliokamilika kando ya karatasi ya haraka ulikotokea. Wengi walikwenda kwanza kwenye uliokamilika, wakausifu, kisha wakahamia kwa jirani yake na kukaa huko muda mrefu zaidi, hasa watoto, ambao walinyoosha vidole na kuhesabu migongo kwa sauti.

Lebo zilitusumbua hadi dakika za mwisho. Rasimu yangu ya kwanza iliandika “haujakamilika” chini ya zaidi ya nusu ya michoro, na Mama akayakata maneno hayo yote kwa kalamu nyekundu. Tukajaribu kueleza uzuri wa kila mmoja, ikawa mahubiri. Tulichoafikiana ni kuandika tu kinachoonekana, kwa mpangilio kilivyofanyika, na kumwachia mtazamaji mengine. Ya mtu wa kamba za kiatu inasomeka hivi: “Penseli juu ya karatasi. Kwanza mkunjo kutoka kisogo hadi kisigino, kisha mstari wa kupimia kutoka sikioni, kisha mgongo mara tatu. Mkono ulichorwa mwisho. Mguu uko nyuma ya karatasi; omba ugeuziwe.”